Teresia wa Stoo ya Mahindi

Kwetu Kiminini netwaki iko mahali moja tu: juu ya stoo ya mahindi, kona ya kushoto, ukisimama mguu moja kwa gunia na mwingine kwa boriti. Mama yangu, Gladwell, husema siku moja nitaanguka nivunje shingo na yeye atajua kupitia stetas yangu. Mimi humwambia msanii lazima ateseke. Sijui nani aliniita msanii. Nadhani ni mimi.

Kama hamnijui, naitwa Wangu, niko na miaka ishirini na nne, na nasimulia hadithi kwa simu. Hadithi za hapa tu: nani ameuziwa mbuzi iko na kikohozi, nani ametoroka kwaya siku ya mashindano. Wakati hii ilianza nilikuwa na wafuasi mia nne na kumi na mbili. Hao kumi na mbili ni watu wetu, Mama aliwalazimisha.

Sasa siku moja mwezi wa nne nilikuwa huko juu nikitafuta netwaki, mguu ikateleza. Nikashika kitu. Kitu ikakubali kushikwa, halafu ikanifuata mpaka chini. Ilikuwa sanduku ya mbao, na ilinigonga kichwa mahali hata sasa nywele haikubali kulala.

Guka alikuwa hapo nje anafunga ndama. Guka Gathii ni baba ya baba yangu. Mimi nilipewa jina ya marehemu cucu, mke wa Guka, kwa hivyo tangu nizaliwe yeye huniita bibi yake.

"Bibi yangu," akasema akichungulia, "umevunjika ama umevunja?"

"Guka, hii ni nini?"

"Eh?"

"HII NI NINI?"

Lazima niwaambie juu ya masikio. Mwezi wa tatu mimi na Mama tulimpeleka hospitali ya misheni huko Lugulu. Daktari akampima, akasema sikio ya kushoto imemaliza kazi, na ya kulia inaweza fika Krismasi ama isifike. Akasema maneno mengine mengi ya maana ambayo mimi nilirekodi yote kwa simu, halafu sikusikiza tena. Nilichoshika ni moja tu: sauti nyembamba ndio zinapotea kwanza, nene zinabaki nyuma kidogo. Ndio maana Guka hanisikii mimi lakini anasikia ng'ombe. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo.

Sanduku ilikuwa na santuri saba. Makava yake yote panya walikula, picha na kila kitu, zikabaki zile sahani nyeusi na karatasi nyekundu ya katikati, imefifia kama lesso ya zamani. Ningeweza kusoma vitu viwili pekee: neno MARIACHI, na namba 33.

Guka akakaa chini kwa ndoo iliyopinduliwa. Akashika moja na vidole viwili, kando kando, vile mtu anashika mtoto wa wenyewe.

Akaniambia. Zamani akiwa kijana alikuwa dereva wa trakta kwa shamba ya mzungu huko Endebess, na rafiki yake Mukhisa wa Bungoma alikuwa dereva wa lori hapo hapo. Mzungu alipohama akauza vitu vya nyumba, na hao wawili wakachanga, wakanunua mashine ya santuri na hiyo sanduku. Kila Jumapili mchana walikuwa wanakaa nje ya nyumba ya Mukhisa wanasikiza.

"Mlikuwa mnajua wanasema nini?"

"Hapana. Lakini tulikuwa tunakubaliana na wao."

Halafu Guka akapata shamba hapa Kiminini, Mukhisa akarudi kwao. Wangegawana aje? Wakakubaliana hivi: sanduku iende na Gathii, mashine iende na Mukhisa, ndio kusikuwe na mtu wa kusikiza peke yake. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Guka alikuwa anabeba sanduku anaenda Bungoma. Miaka zaidi ya thelathini, watu wangu! Mimi na beste yangu tuliapa kuenda jimu pamoja, tukaenda mara moja.

"Na mliacha kwa nini?"

Guka akaangalia ndama. "Bibi yake, Edah, alikufa. Mukhisa hakuniita mazishi. Nilisikia kwa soko, wiki tatu zimepita." Akarudisha santuri kwa sanduku polepole. "Mtu asipokuita mazishi ya bibi yake, hapo amekwambia kitu."

Na hapo kuna kitu mimi nilikuwa najua. Nitawaambia nyinyi kwa sababu hamwezi kunifikia na mwiko.

Mukhisa alimwita. Alituma ujumbe. Hiyo miaka Guka alikuwa na kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, na kwa sababu yeye hasomi maandishi madogo, mwenye kumsomea alikuwa mimi, miaka kumi na tano, simu kwa mkono kutoka asubuhi. Ujumbe uliingia nikiwa katikati ya ile gemu ya nyoka. Nyoka yangu ilikuwa ndefu mpaka haina mahali pa kupita. Nikaona: *Gathii, Edah ametutoka. Mazishi Jumamosi. Kuja. Mukhisa.* Nikasema, wacha nimalize hii, nitamwambia. Nyoka ikajiuma. Nikaanza ingine. Nilikumbuka Jumapili, kanisani, wakati pasta anaombea wafiwa. Nikaogopa. Nikafuta ujumbe, na nikanyamaza miaka tisa.

"Nilikuwa nataka kusikia upande moja tu wa santuri," Guka akasema, akigusa sikio ya kulia kama mtu anaangalia kama mlango umefungwa. "Kabla hii nayo ijifunge."

Mtu mwenye roho nzuri angekiri hapo hapo. Mimi nikasema, "Guka, nitakutafutia mashine!" Kwa sauti ya furaha kabisa.

Mashine nikaipata Kitale, kwa Makokha, fundi wa redio nyuma ya steji. Makokha hakuna kitu hatengenezi, na hakuna kitu inarudi nyumbani vile ilikuja. Alikuwa na gramafoni ya zamani bila moyo. Akaiwekea mota ya redio ya kaseti, na belti akakata kutoka kwa tyubu ya baiskeli.

"Na itazunguka?" nikamuuliza.

"Wangu, ni kitu gani nimewahi shika ikakataa kuzunguka?"

"Tivi yetu."

"Tivi haizungukangi, bana. Leta sahani."

Akaweka sindano. Na hapo, watu wangu, maisha yangu ikakatwa vipande viwili, ya mbele na ya nyuma.

Tarumbeta zilitoka mbio kama watoto wamefunga shule. Vayolini nyuma yake, zinakimbia zikibeba viatu kwa mkono. Halafu mwanamke akaanza kuimba. Sauti nyembamba, kali, tamu, kama mtu amekanyaga kaa la moto na anaona raha. Akafika mahali akapiga kelele: "Ay-ay-ay-aaay!" Nywele za mkono zikasimama. Mimi ni mtu wa gengetone, ile rap ya vijana wa Nairobi! Mimi vayolini nilikuwa najua ni ya matanga ya matajiri! Nikasimama hapo kwa Makokha na machozi, mtu wa kuuza chaja akaniuliza kama nimeibiwa.

"Huyu anaitwa nani?" nikauliza.

Makokha akaangalia karatasi ya katikati. "Imefutika."

Nikamwita Teresia. Alisikika kama Teresia.

Hiyo usiku sikulala, na kufika Ijumaa nilikuwa nimeanza kumsimulia kwa simu. *Maisha ya Teresia*, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi na nne. Nilisema Teresia alikuwa binti ya mchunga ng'ombe huko Mexico. Nilisema alikataa kuolewa na mzee mwenye farasi mia. Nilisema hiyo namba 33 kwa santuri ni umri wake siku ya kurekodi, na watu wakaandika "waah, bado mdogo". Nilianza kuweka ua jekundu kwa nywele, hasa pale nywele haikubali kulala. Nilishika nyimbo zote kwa kichwa, nilikuwa nimezirekodi kwa simu huko kwa Makokha. Maneno sijui, lugha sijui, na mwendo ni wa mtu amewacha chapati kwa moto, lakini niliimba.

Na msifikirie sikufanya utafiti. Nilipanda stoo, nikatafuta mariachi kwa intaneti. Nikapata wanaume wako na kofia kubwa, wanaimba polepole, nzito, kama gari ya mkokoteni. Nikasema, ona sasa, hii netwaki ya Kiminini hata muziki inachelewesha. Nikazima nihifadhi bando.

Jumapili ya wiki iliyofuata Makokha alinikopesha mashine nikaileta nyumbani. Guka alikuwa amejiandaa. Alikuwa amevaa koti ya kanisa na kofia, amenyoa, amekaa kwa kiti nje ya mlango, mikono kwa magoti. Mama aliniangalia, akaleta chai.

Nikaweka Teresia.

Guka akainama mbele. Akageuza sikio ya kulia. Akangoja. Wimbo ikaisha, akabaki akingoja.

"Bado hujaweka?"

"Nimeweka, Guka! Imeisha!"

Nikaweka tena, nikasongeza spika mpaka karibu iguse kofia yake. Akakunja uso.

"Kuna mbu," akasema.

"Sio mbu! Ni yeye!"

Akasikiza tena. Akatikisa kichwa. "Sio hii, bibi yangu. Yetu ilikuwa inatembea. Hii inakimbia."

Na mimi, mwalimu wa mariachi wa kaunti nzima, uzoefu siku kumi na moja, nikamwambia babu yangu aliyesikiza hiyo santuri miaka thelathini, "Guka, ni hii hii. Ni masikio yako."

Hiyo alisikia.

Akavua kofia. Akaiangalia ndani, kama kuna kitu imeandikwa huko. "Basi imeshajifunga," akasema. "Chukua hizo vitu, ziwe zako. Mimi nimemaliza." Akasimama akaenda kwa ng'ombe, kofia kwa mkono.

Unajua mimi nilifanya nini? Nilimrekodi. Kutoka nyuma, akienda, na Teresia akilia chini chini. Nikaandika "Guka wangu hatasikia tena". Hiyo ndio video yangu ya kwanza kufika watu elfu tisa. Nilikuwa nahesabu huku nalia. Kila dakika naangalia, nalia, naangalia.

Jumanne nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa msichana simjui, anaitwa Nabwile, wa Bungoma. "Niaje Wangu. Nimeona video yako nikaonyesha babu. Amecheka mpaka tukampigapiga mgongo. Ngoja anataka kuongea."

Halafu sauti ya mzee, nzito, karibu sana na simu, kama anataka kuimeza:

"Wewe mtoto wa Gathii! Hiyo mashine imekunywa nini? Hiyo ni santuri ama ni kuku imefukuzwa? Sasa sikia. Mwambie Gathii mashine yangu bado iko. Mwambie pia nilimtumia ujumbe, Edah akikufa. Nilimngoja kwa gate mpaka jeneza ikashuka. Kama kuna kitu nilimkosea, akuje anikasirikie hapa, sio huko mbali."

Nilisikiza hiyo mara sita. Mara ya saba nikashuka kutoka stoo.

Sasa niwaulize: mmewahi kukiri dhambi kwa mtu haskii? Huwezi kunong'ona. Huwezi kumwita kando ukaongea pole pole ukiangalia viatu. Guka alikuwa anakama, kichwa kwa ubavu wa ng'ombe, sikio nzuri ikiwa upande wa ng'ombe.

"Guka, Mukhisa alikuita mazishi."

"Eh?"

"MUKHISA ALIKUITA! ALITUMA UJUMBE!"

Mama akatoka jikoni na kijiko. Kwa fensi, kichwa ya jirani yetu Jelagat ikatokea juu ya mtama.

"Ujumbe gani?"

"KWA SIMU YAKO! NILIONA! SIKUKWAMBIA!"

"Kwa nini?"

"NILIKUWA NACHEZA NYOKA!"

"Eh? Nyoka imefanya nini?"

"NYOKA! GEMU! KWA SIMU! NILISAHAU HALAFU NIKAFUTA!"

"Uuui," Jelagat akasema huko kwake. "Amefuta."

Guka akarudisha kichwa kwa ubavu wa ng'ombe. Akamaliza kukama. Akabeba ndoo akapita karibu na mimi bila kumwaga hata tone, na siku mbili hakuongea na mimi. Aliongea na ng'ombe. Aliongea hata na Jelagat. Mama naye alinyang'anya simu yangu akaiweka ndani ya debe ya unga, nikaishi hizo siku mbili kama mtu wa zamani, mikono haina kazi.

Siku ya tatu asubuhi akasimama kwa mlango wa jikoni.

"Tafuta kofia yangu," akasema.

"Tunaenda kusikiza?"

"Kusikiza na nini? Mimi naenda kulia Edah. Nina deni ya machozi miaka tisa." Akafikiria. "Lakini beba sanduku. Siendangi kwa Mukhisa mikono mitupu."

Tukabeba sukari, unga ya ngano, mafuta ya kupikia, na santuri saba zimefungwa na sweta yangu. Mama akanirudishia simu, nyeupe pande zote, na mpaka leo nikiongea na mtu ananiambia nasikika kama niko posho mill.

Boma ya Mzee Mukhisa iko nje kidogo ya Bungoma. Alikuwa amesimama kwa gate, mzee mrefu na fimbo, na msichana kando yake, huyo Nabwile, nilimwambia kwa simu tunakuja. Hawakusalimiana. Guka alimpita, akaenda moja kwa moja mahali kaburi iko, kando ya ukuta wa nyumba, na Mukhisa akamfuata. Guka akavua kofia. Alisema kitu kwa Edah kwa sauti yake ya mtu haskii, ile anafikiria ni ya siri, kwa hivyo wote tulisikia: "Mama, ile siku ungeniona. Ni huyu mtoto na nyoka."

Mukhisa akageuka akaniangalia. "Nyoka gani?"

Nikakiri tena. Mara ya pili ni rahisi, hata nilikuwa naanza kuizoea. Mzee akasugua fimbo na kidole gumba. Mimi nikangoja ile fimbo.

"Na hiyo nyoka ilifika ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Miaka tisa ya rafiki yangu," akasema, "na hata mia tatu hukufika." Halafu kwa Guka: "Umechelewa, bana. Ingia, chai inapoa."

Chai kwanza. Halafu ugali na kuku. Hakuna mtu aligusa mashine mpaka Guka akanawa mikono. Ndipo Mukhisa akatoa kitambaa juu ya meza ya kona, kitambaa Edah alishona na maua ya kijani, na chini yake ikatokea mashine ya mbao nyekundu, imepanguswa mpaka unaona uso wako.

"Siweki mkono," Guka akasema. "Sikio yangu imekwisha. Weka usikie wewe."

"Nyamaza," Mukhisa akasema, na akachagua santuri.

Sasa. Ningekaa. Mtu mwingine yeyote baada ya hiyo wiki angekaa. Lakini mimi nilikuwa nimeahidi wafuasi wangu tukiwa njiani: Wangu na Teresia, laivu kutoka Bungoma, kwa mashine ya ukweli. Nilikuwa nimekuja na sketi nyekundu ndani ya mfuko. Nikaweka ua. Nikampa Nabwile simu ashike. Watu mia mbili thelathini walikuwa wananiangalia, na nilifikiria, Guka hasikii, angalau aone.

Sindano ikagusa. Krrr. Nikavuta pumzi, na tarumbeta ya kwanza ilipolia tu, nikaingia.

Niliimba ubeti wa kwanza. Niliimba kiitikio. Nilipiga "ay-ay-ay" na mkono juu. Nikazunguka na sketi. Nikamaliza wimbo. Nikainama kushukuru.

Tarumbeta zilikuwa bado kwa mstari wa kwanza.

Zilikuwa zinatembea. Hazikuwa na haraka na mtu. Vayolini zikaja nyuma, pole, kama watu wanabeba kitu inaweza mwagika. Na chini yao kulikuwa na kitu sijawahi sikia kwa mashine ya Makokha hata siku moja, gita kubwa, nene, inaingia kwa sakafu: dum. Dum. Dum. Halafu Teresia akafungua mdomo.

Teresia alikuwa mwanaume.

Sio mwanaume kidogo. Alikuwa mwanaume wa kubeba kochi peke yake.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Mwenyewe," Mukhisa akasema.

"Teresia ako wapi?"

"Teresia gani?"

Nabwile alikuwa anashika simu na mikono miwili kwa sababu kicheko chake kilikuwa kinaitingisha. "Wangu," akasema, "wanauliza kama Teresia alinyoa."

Nilikuwa nataka sakafu ifunguke, lakini sakafu ilikuwa na kazi ingine, ilikuwa inabeba ile gita. Ndipo nikaona mguu wa Guka. Kiatu chake cha kanisa kilikuwa kinapanda na kushuka. Nikadhani ni kutetemeka kwa uzee. Lakini kilikuwa kinashuka pale gita inashuka. Akasimama. Akaenda kwa mashine, akaweka kiganja kwa mbao, akageuza sikio ya kulia, na uso wake ukafunguka kama mtu ameitwa jina na mtu alidhani amekufa.

"Mukhisa," akasema. "Gita kubwa."

"Ndio."

"Nasikia gita kubwa. Namsikia mwenyewe!"

"Si nilikwambia nyamaza?"

Mwimbaji akafika pale pa kupiga kelele, na hao wazee wawili, jumla miaka mia moja sitini na kitu, wakarusha vichwa nyuma, wakapiga naye: "Ay-ay-ay-aaaay!" Na mimi nikaganda na ua langu. Hiyo kelele naijua. Hiyo ndio kelele Guka huita ng'ombe jioni, tangu nizaliwe, kila siku. Miaka yote nilidhani ni Kikuyu.

Na hapo ndio maneno ya daktari yalinirudia, yale niko nayo kwa simu: nyembamba zinapotea kwanza, nene zinabaki. Belti ya Makokha ilikuwa imekimbiza huyo mwanaume mpaka akawa mwembamba, akatoka nje ya sikio ya Guka. Masikio yake yalikuwa yamebaki na nafasi kidogo, na ile nafasi ilikuwa inatosha kabisa gita kubwa na rafiki moja. Mimi ndio nilimwambia amekuwa kiziwi. Kwa sauti ya juu.

Wimbo ukaisha. Guka hakutoa mkono kwa mbao. Akaniangalia mimi, sketi, ua, yote.

"Bibi yangu," akasema. "Ni masikio ya nani?"

"Yangu, Guka."

"Eh?"

"NI YANGU!"

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka tu kusikia tena."

Tukasikiza zote saba, pande zote mbili. Mimi nilikaa chini kwa sakafu na sikuongea, na Nabwile ni shahidi. Ule wimbo nilikuwa nausimulia kama binti anatoroka mzee wa farasi, ukitembea mwendo wake, ulikuwa kitu ingine kabisa. Sijui anasema nini. Nilikubaliana na yeye.

Wakati wa kutoka, Mukhisa akaanza kuchomoa waya. "Chukua mashine, Gathii. Kile kidogo kimebaki kwa hiyo sikio, usikigawe na mimi."

"Rudisha waya," Guka akasema. "Tulisema nini Endebess?"

"Tulisema hakuna wa kusikiza peke yake."

"Basi. Jumapili ya kwanza."

"Na ile Jumapili hutasikia?"

Guka akafunga sanduku na sweta yangu, bila kuniuliza. "Nitaweka mkono kwa mbao. Wewe utaniambia tumefika wapi."

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Tumeenda mara tatu tangu hapo, na sikio bado linashika. Ujumbe wowote ukiingia kwa simu ya Guka sasa nausoma kwa sauti, hata ile ya kampuni inauliza kama anataka toni ya kupigiwa. Jelagat analalamika anajua mambo yetu yote.

Nilitoa sehemu ya kumi na tano, nikakubali kwamba Teresia ni mwanaume, na thelathini na tatu ni mwendo ya kuzungusha sahani, mara ngapi kwa dakika, sio miaka. Wafuasi walipungua mpaka mia tatu na themanini. Ukoo bado wako, Mama anawachunga. Makokha nilimpelekea habari, nikamwambia mashine yake inakimbia. Hakuinua hata kichwa. "Haikimbii," akasema. "Inakufikisha mapema."

Na niwaambie la mwisho, lakini lisifike Bungoma. Siku zingine mchana, watu wakiwa shambani, napanda kwa stoo, mguu moja kwa gunia, mwingine kwa boriti, naweka simu kwa sikio nasikiza ile rekodi ya kwa Makokha. Wimbo wa ukweli naupenda. Lakini Teresia ndiye alinipata kwanza, na mtu hawezi tu kumwacha dada wa watu.

Juzi nilikuwa huko, nimefunga macho, nikicheza na mguu wa boriti, tarumbeta zinakimbia, nikasikia Guka chini.

"Bibi yangu! Zima huyo mbu!"

Nikachungulia. "GUKA, UMESIKIA AJE?"

"Sijasikia kitu," akasema, akivuta ndama. "Nimeona stoo inatingika."